Mlio wa Bwana Afya

Mtani wangu aliponiita kwake Kilakala, nilijua amekufa. Wazee wa ukoo wake hawaniiti kwa jambo lingine. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu milima hii ya Uluguru ilipokuwa vichuguu, na kazi yetu kwao ni mbili tu: kuwatukana wakiwa hai na kuwazika wakifa. Wao kwetu ni vilevile. Ukizaliwa na mama wa ukoo wetu unawakuta watani wako wameshakaa mlangoni wanakusubiri. Huwachagui, kama usivyochagua masikio.

Basi nikavaa shati la msibani, nikapanda bodaboda kutoka Bigwa, njia nzima natunga matusi ya kuingilia. Nafika, namkuta marehemu kakaa barazani anakunywa chai ya tangawizi.

Alikuwa hai, tena hai kunishinda mimi. Fulana ya ndani imepigwa pasi mpaka ina kona. Enzi zake alikuwa bwana afya, mkaguzi wa vyoo na majalala ya mlima mzima, na mtu akishakuwa bwana afya haachi. Mpaka leo akija mgeni humtazama kucha kwanza, uso baadaye.

"Shikamoo mtani," nikasema. "Nimekuja kukupima urefu. Jembe nimeliacha kwa jirani."

"Marahaba. Kwa uvivu wako najua utanichimbia kaburi la kukaa."

"Ukikunja magoti utaenea."

Mkewe akacheka huko jikoni. Mzee hakucheka. Alinionyesha kiti, akaweka kikombe chini, akaniuliza swali ambalo mtu mzima na akili zake haulizi.

"Siku yangu ikifika, utaniigiza nini?"

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kwetu mtu akizikwa, siku ya kuanua matanga mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akadai chakula kwa sauti yake, mpaka wafiwa wacheke. Lazima wacheke. Mjane aliyelia siku zote hizo akicheka, msiba umekwisha, watu wanarudi mashambani. Asipocheka, mtani hakufanya kazi na hata nyama hastahili. Mimi nimewahi kumwigiza mzee mmoja aliyekuwa na kigugumizi, wafiwa wakacheka mpaka mwingine akazimia tukataka kuanza matanga upya.

"Nitavaa ile kaptura yako ya kaki," nikamwambia. "Nitapita nikichungulia choo cha wafiwa, nitatoka nimeziba pua."

"Vizuri. Na pikipiki?"

"Nitapanda."

"Kupanda hata mbuzi atapanda. Nauliza mlio. Hebu lia."

Nikatazama huku na huku. Ni saa za asubuhi, watu wanapita njiani, wasichana wa sekondari wanatoka dukani na mikate. Lakini mtani hakatai. Nikakunja midomo, nikashika usukani wa hewa, nikalia: vuuuu, vuuuu, vuuuuum.

Mzee akafumba macho kama mtu aliyeumwa na siafu mahali pasipotajika.

"Hiyo ni bodaboda," akasema. "Yaani mimi nimeitumikia milima hii ujana wangu wote, halafu unizike na bodaboda."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Wiki ile alikuwa ametoka kwenye matanga ya rafiki yake, mwalimu mstaafu, na mtani aliyekuja kumwigiza alikuwa kijana wa mjini. Kijana hakuwahi kumwona mwalimu akifundisha. Akavaa miwani ya marehemu, akacheza kama mshereheshaji wa harusi, basi. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Mwalimu wa watu akaenda hivyo hivyo, hakuna aliyemkumbuka vizuri. Mzee wangu alirudi nyumbani akafanya hesabu: waliobaki wanaoujua mlio wa pikipiki yake ni wachache na wana magoti mabovu, na pikipiki yenyewe haiwezi tena kujisemea.

Alinipeleka nyuma ya jikoni nikaione. Ilikuwa imeegeshwa ukutani, mpesheni umeitambalia kuanzia taa mpaka ekzosi, matunda yananing'inia kwenye usukani. Kwenye kiti palikuwa na kuku anaatamia. Ilikuwa mjapani wa zamani, wale wa kuchanganya petroli na oili ndani ya tangi moja, wanaotoa moshi wa bluu kama wa ubani. Serikali ilimpa ikiwa mpya, akastaafu nayo. Injini ilishikana miaka mingi iliyopita na vipuri vyake havipo duniani. Fundi wa mwisho aliyeijua naye tulishamzika.

"Sasa utanisaidia?" akaniuliza, sauti imeshuka. "Sitaki niende na mlio wa mtu mwingine."

Nikasema nitamsaidia. Nilikuwa na sababu yangu pia, maana mlio ule ulinilea.

Nilikulia Mkuyuni, upande wa juu, ambako barabara ya Matombo unaiona kwa chini kama mkanda ulioanguka. Pikipiki ya Bwana Afya ikitoka mjini tuliisikia kabla haijamaliza Kiroka. Nikisema tuliisikia, usidhani kwa kutega sikio. Ilikuwa inaingia mwilini. Kwenye kilima ilisema ng'ang'ang'ang'aaaa, kama mbogo aliyekanyaga moto. Kwenye kona ikapunguza: nge-nge-nge-nge. Ikiteremka ndiyo ilikuwa balaa: pe-pe-pe-PA, pe-pe-PA, na kila PA moja fenesi moja linaanguka. Mafenesi ya upande wetu yalikuwa hayaivi, yalikuwa yanaangushwa na serikali.

Nilipokuja kusoma masomo ya jioni ukubwani, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba sauti ni mtikisiko wa hewa. Nikanyoosha mkono, nikamwambia kwetu sauti ilikuwa mtikisiko wa akina mama. Maana ule mlio ukisikika tu, mlima wote uliinuka. Aliyekuwa anatwanga aliacha mchi umesimama wenyewe kinuni. Sahani zinapandishwa kwenye kichanja, jalala linafukiwa, ndoo ya maji inapelekwa chooni na kipande cha sabuni ambacho siku nyingine kilikaa sandukuni na vitenge. Nimeona kwa macho yangu mawili kuku wakijipanga mstari.

Halafu kulikuwa na suala la mfuniko. Sheria ilitaka kila choo cha shimo kiwe na mfuniko wa mbao wenye mpini, na kitongoji chetu kilikuwa na mfuniko huo mmoja, umepakwa rangi ya bluu, mzuri kuliko meza ya mwenyekiti. Barabara inazunguka mlima, njia zetu za miguu zinakata katikati. Basi Bwana Afya akishakagua nyumba ya kwanza na kupiga kiki, mfuniko unachomoka kwa nyuma, unakimbizwa bondeni na dada zetu, unatangulia nyumba ya pili. Mlio ndio ulikuwa unatuongoza: ng'ang'aaa, bado yuko kilimani, tembea. Pe-pe-PA, anateremka, kimbia. Mfuniko ule ulikuwa unamaliza kitongoji kizima na haujawahi kuchelewa. Siku moja Bwana Afya aliuchora alama ya vema kwa chaki nyumbani kwetu, akaikuta alama yake inamsubiri kwa mama mdogo. Aliitazama sana. Akachora ya pili pembeni yake, akaenda zake.

Basi nikaanza mazoezi. Mke wangu ndiye aliyepata tabu. Nalia jikoni, nalia bafuni, nalia nikifunga kamba za viatu. Siku ya tatu akaniambia, "Baba watoto, kama unaondoka, ondoka. Kama unafika, fika. Hii ya kuwasha siku nzima hatuko stendi ya Msamvu."

Ng'ang'aaa niliipata upesi. PA ilinisumbua, inataka mashavu. Nikaona nisijidanganye, niende kwa wenye mlio wao. Siku ya gulio nikapanda gari mpaka Mkuyuni, nikajificha nyuma ya banda la mahindi, nikalia moja kubwa yenye kilima na kona.

Upande wa pili alikuwapo bibi mmoja muuza pilipili manga, mtu wa rika la mzee wangu, niliyemjua tangu utoto wangu maana nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kupokea mfuniko. Mikono yake iliinuka yenyewe, ikaanza kufagia mbele ya mkeka. Alifagia mpaka alipogundua anafagia.

"Nani huyo," akasema, bila kugeuka. "Toka huko. Na kama si yeye mwenyewe basi ni mtani wake."

Nikatoka, nikamwamkia. Aliitikia, akanikazia macho, akaniuliza kuna msiba gani. Nikamweleza. Akaniambia nirudie. Wenzake wa tangawizi na ndizi wakasogeza vigoda.

"Kupanda umepatia," akasema nilipomaliza. "Kona umeifupisha. Lakini mbona umezima?"

"Si amefika, bibi? Anazima."

"Anazima yeye. Pikipiki haizimi."

Wenzake wote wakaitikia, kweli, haizimi. Na hapo ndipo nami nikakumbuka kitu ambacho kilikuwa kimekaa kichwani miaka yote bila jina. Bwana Afya alikuwa akizungusha ufunguo, anashuka, anatembea zake kuelekea chooni na kalamu mkononi, na nyuma yake pikipiki imebaki peke yake uani inaendelea: tuh. Tuh-tuh. Kimya. Watoto tunaisogelea. Tuh. Tunakimbia. Ilikuwa inakohoa kama babu aliyeambiwa alale na bado ana neno.

"Bila kile kikohozi," bibi akaniambia, "hujamwigiza yeye. Umeigiza barabara."

Nilirudi Kilakala kifua mbele. Nikasimama uani kwa mzee, nikalia kuanzia Kiroka mpaka Mkuyuni, nikazima, nikatembea hatua za kiofisa, nikaachia: tuh. Tuh-tuh. Tuh.

Mkewe alikaa chini kwa kicheko, ungo wa mchele mapajani. Mzee akanyanyuka.

"Pikipiki yangu haikuwa na kifua kikuu."

"Mtani, Mkuyuni wote wamesema."

"Mkuyuni wote ndio wenye pikipiki? Aliyeipanda nani?" Akanishika bega, mkono mzito, na nikaona kwamba hapa utani umekaa pembeni. "Sikiliza. Mlio wake hasa ulikuwa hivi."

Akafumba macho. Akafunga midomo. Halafu ikatoka sauti ndogo sana, ya chini, tamu, mmmmm-mm-mm-mmmm, kama cherehani mpya inayopita kwenye khanga, kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani ambaye hatamwamsha usiku. Ilipanda kilima bila kupaza. Ilibadilisha gia na huku husikii ilipobadilishia. Alipofungua macho yalikuwa na maji, akasingizia tangawizi.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo utakayonizikia."

Mlio ule mimi sijawahi kuusikia. Hakuna aliyewahi. Nilimweleza mke wangu jioni ile, akafikiri kidogo, akasema mzee anakumbuka pikipiki ya peponi, ndiyo maana haina moshi. Mimi nikaona ni uzee tu, kama wale wanaokumbuka kwamba walipokuwa vijana walikuwa warefu. Lakini nilikuwa kwenye kona mbaya. Mtani haigizi anavyoagizwa. Ukoo wa marehemu ukianza kumfundisha mtani la kusema, huo si utani tena, ni hotuba. Na wakati huohuo mzee amenishika bega, ameniomba, na ana mwenzake kaburini aliyeondoka na mlio wa mtu mwingine. Nikimlilia anavyotaka, watu hawatamjua. Nikimlilia walivyomjua, nimemzika asivyotaka.

Nikajipa moyo kwamba ana afya, tutajadiliana. Lakini kabla hatujajadiliana akafariki dada yake mkubwa kule Mkuyuni, bibi aliyekula chumvi mpaka ikamkinai, na kazi ikaniita.

Yule marehemu alikuwa rahisi. Alikuwa na tabia ya kukata mazungumzo akahesabu kuku wake, basi siku ya kuanua matanga nilifunga kitenge chake, nikapita katikati ya wafiwa nikiwahesabu vichwa na kulalamika kwamba mmoja ameliwa. Wakacheka, wakafuta machozi, nikaona nyama yangu inakuja. Mzee wangu mwenyewe, mfiwa mkuu, alikuwa kwenye mkeka wa mbele na kofia yake ya kufuma, amecheka mpaka kofia imeenda upande. Nikawa najiandaa kukaa.

Ndipo sauti ya kike ikatoka nyuma, kwenye kundi la wazee. "Mtani, na kaka yake je? Tupe Bwana Afya."

Alikuwa bibi wa pilipili manga. Na kwa kuwa mlima hauna siri, wote walishajua nafanya mazoezi. Wakaanza kupiga makofi ya taratibu, tupe, tupe.

Nikamtazama mzee. Kofia aliirudisha katikati. Alifunga midomo, akaikaza, namna ile ya siku ile uani, akanitikisia kichwa kidogo. Nilimwelewa. Alikuwa ananiomba ile ya kwake.

Nami, mtani mzima niliyewahi kuzimisha mfiwa kwa kicheko, nikaogopa kumvunja moyo mzee wa watu msibani kwa dada yake. Nikafumba macho, nikafunga midomo. Mmmmm-mm-mm-mmmm.

Watu wakangoja. Nikapanda kilima bila kupaza. Nikabadilisha gia.

"Anaumwa tumbo?" mtu akauliza.

"Ni friji," akasema mwingine. "Ile ya dukani pale njia panda."

"Nyuki. Anatoa nyuki."

Mtoto mmoja akaanza kulia. Nilizima. Ulikuwa ukimya mbaya kuliko wa kaburini, maana wa kaburini angalau una sababu. Nilipofungua macho nilimwona mzee anatazama magoti yake. Alikuwa ameona jambo alilokuwa analiogopa kuliko kifo: mlio wake umelia mbele ya watu wake mwenyewe, na hakuna aliyemjua.

Bibi wa pilipili manga akasimama. Alisimama kwa awamu, kwanza fimbo, halafu kiuno, halafu yeye. Akasogea katikati, akanisukuma pembeni kama pazia, akakunja kitenge katikati ya miguu, akashika usukani. Na kutoka kwenye kinywa kile chenye jino la mbele moja ikatoka NG'ANG'ANG'ANG'AAAA ambayo mimi sitaipata hata nikifufuka mara mbili. Kona ikaja. Mteremko ukaja, pe-pe-pe-PA, na kwa vile meno hayakuwapo kuizuia, ile PA ilifika Matombo. Nyuma yake wazee wote wa kike waliinuka. Sisemi walitaka kuinuka, waliinuka. Mmoja akaokota sahani, mmoja akafukia makombo kwa mguu, na mmoja alikuwa ameshafika nusu ya njia ya chooni ndipo akasimama akashika kiuno, akaanza kucheka peke yake huko huko. Halafu bibi akazima, akatembea hatua za kiofisa, kidole kama kalamu, na nyuma ya mabega yake ikasikika: tuh. Tuh-tuh.

Kimya.

Tuh.

Uwanja uliangukiana. Nimeshaona watu wakicheka, lakini siku ile hata wachimba kaburi, ambao ni watu wa kukunja uso, walishikana mabega. Mimi mwenyewe nilikuwa chini.

Tulipopata pumzi tukakuta mzee amesimama. Tukanyamaza mmoja mmoja. Nikafikiri sasa anatulaani.

"Msumari," akasema.

Hakuna aliyeelewa.

"Ule mlio ni wa msumari. Nilitoboa ekzosi kwa msumari wa bati na jiwe, pale darajani, nikiwa na pikipiki siku chache tu." Alizungumza kama anayetoa taarifa ofisini, mikono nyuma. "Ilipokuja mpya ilikuwa haina sauti. Huyu mtani hakukosea, ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nafika uani kwa mtu kuku hajainua kichwa. Safari ya kwanza niliwakuta wote kama mlivyo. Niliandika faini mlima mzima. Wewe," akamnyooshea bibi kidole, "nilikuandika, ukalia, ukafunga mlango, na watoto wakawa wakiniona wanaingia porini. Nikarudi darajani nikakaa. Nikajiuliza, nimetumwa kuleta usafi, au nimetumwa kuleta uchafu kwenye karatasi? Kuanzia hapo kila nilipofika nilikuta pamefagiwa."

Bibi alikuwa bado ameshika usukani wake wa hewa. Aliuachia polepole.

"Kwa hiyo miaka yote ile," akasema, "ulikuwa unatupigia hodi."

"Tangu Kiroka."

"Na mfuniko?"

"Mfuniko wenu nilikuwa naukuta unahema kuliko wenye nyumba. Ningesema nini? Ulikuwa msafi." Akafikiri. "Lakini kukohoa kule siyo mimi. Hicho sikukitoboa, na sikuwahi kukisikia."

"Ungesikiaje, nawe ulikuwa umeingiza kichwa chooni kwetu," bibi akamjibu, na watu wakaanguka tena, na safari hii mzee alianguka nao.

Nyama yangu ya siku ile alipewa bibi, kwa haki kabisa, pamoja na maini.

Tulirudi mjini kwenye gari moja, mimi na mzee, tumekaa kiti cha mbele. Tulipita Bigwa kwangu, na sikushuka, nikaona nimfikishe. Ndipo akaniambia alichokuwa anakipanga.

"Siku yangu wape ile ya msumari. Ni yao. Na hicho kikohozi weka, ila usikirefushe."

"Kidogo tu, mtani."

"Lakini mkishanifukia, watu wakigeuka kwenda kunawa, wewe baki nyuma. Jifanye umepoteza kiatu. Uinamie pale, unilie ile ya kwanza. Kwa chini. Niliiua mwenyewe ile sauti, na nilikuwa naipenda."

Nikamwambia nitafanya, lakini sijaijua vizuri. Mkuyuni wameiita friji. Akasema ni kweli, niliibana sana puani.

Basi kila Ijumaa baada ya swala naenda Kilakala kujifunza. Tunakaa nyuma ya jikoni, mkewe anatuletea pesheni zilizotoka kwenye usukani wenyewe, na mzee ananipa mlio huku mimi naufuata. Ni mwalimu mkali kuliko wote niliowahi kukaa mbele yao, na mimi nimekaa mbele ya wengi, maana nilirudia kidato cha pili mpaka walimu wakastaafu. Amenikataza maji ya baridi na pilipili, anasema koo langu sasa ni mali yake. Nikichemka ananirudisha mwanzo, kwenye kiki.

Tumefika gia ya pili. Ziko nne. Yeye hana haraka, na mimi, kwa kuwa namjua haondoki kazi haijaisha, nikikaribia kupatia nakosea makusudi.